Picha imegoma kufunguka? Usibofye "Format"

Mama mmoja kutoka Tandahimba aliingia kwangu asubuhi na mapema, kadi ya kamera ameifunga kwenye pindo la kanga kama watu wanavyofunga hela ya nauli.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nimeambiwa wewe unafufua picha."

Ndani ya kadi ile kulikuwa na picha za siku ya kumtoa mwali binti yake wa mwisho. Ngoma yote ilikuwa humo: ndugu waliovuka Ruvuma kuja kushangilia, masinia ya pilau, na bibi yake yule binti, ambaye alifariki miezi miwili baada ya sherehe. Mpwa wake alipoichomeka kadi kwenye laptopu, kompyuta ilileta maneno ya Kiingereza ikitaka diski ifomatiwe kwanza ndipo itumike. Kijana akataka kukubali. Mama akamzuia: "Ngoja kwanza nikaulize." Kwa maneno hayo tu picha zile zilipata nafasi ya kupona.

Nina kibanda cha picha na steshenari hapa Magomeni, Mtwara mjini. Msimu wa ngoma na harusi napokea kadi na flashi karibu kila siku, na msimu wa korosho zinakuja picha za pasipoti na vitambulisho vilivyoskaniwa. Nimeshaona picha nyingi zikigoma kufunguka, na ninachoamini ni hiki: picha iliyogoma mara nyingi bado ni nzima, au sehemu kubwa yake ni nzima. Kinachoiua ni pupa ya anayetaka kuiokoa. Kwa hiyo mpangilio wa hatua zilizo hapa chini ni muhimu kuliko hatua yenyewe. Usiruke.

Nimeamua kuandika haya kwa kirefu kwa sababu mafundi wenye mitambo ya kufungua diski wako Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 500 kutoka hapa. Mei 2024, mvua za kimbunga Hidaya zilipoikata barabara upande wa Kilwa, nilikuwa na diski ya mteja tayari kwenye bahasha ya kwenda huko. Nilikaa nayo. Siku zile ndipo nilipojua ni mengi kiasi gani tunaweza kuyafanya wenyewe.

Hatua ya kwanza: simama, kisha nakili

Picha ikikataa kufunguka, acha kuitumia kadi au flashi hiyo papo hapo. Usiendelee kupigia picha. Usiweke wimbo. Usifute kitu eti upate nafasi. Kadi inapoharibika, mara nyingi kilichoharibika ni orodha inayosema picha gani iko wapi. Picha zenyewe hubaki mahali pake mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake. Ni kama shamba lililong'olewa mawe ya mpaka: mikorosho bado imesimama. Atakayeikata ni yule anayekuja kulima upya akidhani pori.

Kadi kubwa ya SD ina kijilimi ubavuni kilichoandikwa "Lock". Kisukume upande huo, na kompyuta itasoma bila kuandika chochote. Kadi ndogo ya simu haina kijilimi, lakini adapta inayoibeba inacho.

Kompyuta ikiuliza kama unataka kufomati, bofya "Cancel". Kisha jaribu tundu jingine la USB. Kwenye kompyuta ya mezani tumia la nyuma, kwa kawaida lina umeme thabiti zaidi. Jaribu kisomea kadi kingine. Visomea vya zamani vilitengenezwa kwa kadi zisizozidi GB 32, na ukiviwekea kadi ya GB 64 au 128 vinaweza kuonyesha kana kwamba kadi ni mbovu. Kama kadi inafunguka kwenye kamera yenyewe, chomeka kamera kwa waya na uchukue picha kupitia humo.

Sisi wa pwani tuna jambo letu la ziada. Hewa ya bahari ina chumvi na unyevu, na kadi iliyokaa kwenye mkoba Shangani au Mikindani miezi kadhaa hupata ukungu kwenye vile vibati vya dhahabu. Vifute taratibu kwa kifutio cheupe cha penseli, pangusa mabaki kwa kitambaa kikavu, chomeka tena. Nimezipokea kadi "zilizokufa" ambazo hazikuhitaji zaidi ya hapo. Usitumie mate wala maji.

Kadi ikifunguka, nakili kila kitu kwenye folda mpya ndani ya kompyuta, kisha iondoe kadi na uiweke kando. Majaribio yote yanayofuata yafanyie kwenye nakala.

Hatua ya pili: tazama uzito wa faili

Bofya faili kwa kitufe cha kulia cha mausi, chagua "Properties", usome ukubwa. Picha ya simu ya siku hizi kwa kawaida ina megabaiti kadhaa. Iliyopitia WhatsApp huwa na kilobaiti mia na kitu. Ukikuta KB 0, hilo ni jina tu lisilo na mwili. Hakuna programu itakayolifungua. Rudi ilikotoka, kwenye simu au kadi ya mwanzo, ukanakili upya.

Mteja mwingine huja na folda yenye picha mara mbili: IMG_0412.jpg inafunguka, na ._IMG_0412.jpg inagoma, ina KB 4. Hizo zenye nukta na kistari chini mwanzoni zimeandikwa na kompyuta za Mac kwa ajili ya kumbukumbu zao. Hazijawahi kuwa picha. Usizihangaikie. Na kwenye simu za Android, jina likianza na .pending maana yake simu haikumaliza kuiandika picha hiyo.

Kama faili ina alama ya wingu pembeni, picha haiko kwenye kompyuta yako. Iko mtandaoni, na hapo unaona kivuli chake. Washa intaneti, ibofye, isubiri ishuke.

Hatua ya tatu: tazama mkia wa jina

Herufi zinazofuata nukta ya mwisho, kama .jpg au .png, ndizo zinazoiambia kompyuta itumie programu gani. Kwa bahati mbaya Windows inazificha. Fungua folda yoyote, nenda "View", uweke tiki kwenye "File name extensions". Kwenye Windows 11 unapitia "View" kisha "Show". Acha hivyo siku zote. Ni ulinzi pia: faili linaloonekana kama harusi.jpg, mkia ukiwa umefichwa, linaweza kuwa harusi.jpg.exe, na hilo ni programu inayosubiri uibofye. Lifute.

Ukikuta jina halina mkia kabisa, bofya F2 na uongeze .jpg. Ikifunguka, umemaliza.

Ukikuta picha zako zote, na hati za Word pia, zimeongezewa mkia mmoja mgeni usiouelewa, na ndani ya kila folda kuna karatasi ya maandishi inayodai malipo, hapo kuna virusi vilivyozifunga faili kwa ufunguo. Kubadilisha jina hakusaidii. Ondoa kompyuta kwenye intaneti, zitunze faili hizo zilivyo, usilipe, kisha kwa kompyuta nyingine tembelea tovuti ya No More Ransom. Ilianzishwa 2016 na polisi wa Uholanzi, Europol na kampuni za usalama wa kompyuta, na inatoa bure funguo za baadhi ya virusi hivyo. Si za vyote.

Hatua ya nne: soma kichwa cha faili

Hii ndiyo hatua ninayoipenda, na watu wengi hawaijui. Mkia wa jina unaweza kudanganya, kwa sababu mtu yeyote anaweza kuuandika. Kichwa hakidanganyi kirahisi. Kila aina ya picha huanza na alama zake, na unaweza kuziona kwa Notepad, ile ile ya kuandikia maandishi.

Chukua nakala, narudia, nakala. Fungua Notepad, buruta picha uidondoshe ndani. Kama faili ni kubwa kompyuta itasita kidogo, ivumilie. Utaona vurugu ya herufi za ajabu. Usiogope, na usihifadhi. Ukimaliza kutazama funga na ukatae kubadilisha chochote. Macho yako yaende kwenye mstari wa kwanza tu.

Ukiona neno JFIF au Exif karibu na mwanzo, baada ya herufi kama ÿØÿ, hiyo ni JPEG halisi. Ukiona ‰PNG, ni PNG. GIF89a au GIF87a ni GIF. RIFF ikifuatiwa na WEBP ni WebP, aina iliyoletwa na Google mwaka 2010, ambayo tovuti nyingi zinaitumia sasa. Ukiona ftypheic, hiyo mara nyingi ni picha ya iPhone. %PDF ni hati ya PDF. PK mwanzoni kabisa mara nyingi ni faili la Word au folda iliyobanwa. Na ukiona <!DOCTYPE html au <html, ulichopakua ni ukurasa wa tovuti. Picha haikushuka kamwe, rudi ukaipakue tena.

Kijana mmoja wa hapa Chikongola alikuwa anatuma maombi ya kazi mtandaoni, siku ya mwisho, saa zimebaki chache. Picha yake ya pasipoti ilikataliwa mara nne. Jina lilikuwa pasipoti.jpg, safi kabisa. Nikaidondosha kwenye Notepad, mstari wa kwanza: %PDF. Aliyemskania aliitoa kama PDF, na yeye alipoona fomu inataka JPG alibadilisha mkia kwa mkono. Kubadilisha mkia ni kubadilisha kibao cha dukani. Bidhaa za ndani ni zile zile. Tuliirudishia mkia wa .pdf ikafunguka, tukaitoa upya kama JPG kwa programu, akatuma kabla ya saa sita usiku.

Basi kanuni ni hii: kichwa kikitofautiana na mkia, rekebisha mkia ufuate kichwa, ufungue, kisha kama unataka aina nyingine uihifadhi upya kwa "Save as" au "Export". IrfanView, programu ya bure na nyepesi hata kwa kompyuta kuukuu, huligundua kosa hili yenyewe na kukuuliza kama ibadilishe jina.

Kuna hali moja ya kusikitisha utakayoiona Notepad. Ukubwa wa faili ni sawa, MB 5, lakini ndani ni nafasi tupu, weupe mwanzo hadi mwisho. Hiyo mara nyingi ni alama ya umeme uliokatika wakati wa kunakili, au flashi iliyochomolewa haraka. Kompyuta ilishaandika jina na kutenga nafasi, ila mzigo wenyewe haujafika. Nakala hiyo haitengenezeki. Kaitafute kadi ya mwanzo kabla mwenyewe hajaifuta.

Ikiwa picha za mwanzo za kadi zinafunguka na za baadaye zote zina ndani tupu au mchanganyiko usioeleweka, shuku kadi bandia. Zimejaa mitaani: kadi imeandikwa GB 128, ndani ina GB 8 tu, na ikijaa inaendelea kukubali picha huku ikizitupa. Ukinunua kadi mpya, ijaribu kwanza kwa programu ya bure ya H2testw, inayoijaza kadi yote na kuisoma tena. Inachukua saa nyingi, ndiyo. Mpiga picha za harusi asione uvivu kwenye hili, maana harusi hairudiwi.

Hatua ya tano: labda picha ni nzima, programu ndiyo haijui

Kama kichwa kiko sawa, jaribu njia rahisi kuliko zote: buruta picha uidondoshe kwenye Chrome au Firefox. Vivinjari husoma JPEG, PNG, GIF na WebP bila shida, hata kwenye Windows 7 ambayo bado ipo kwenye ofisi nyingi huku kwetu. Ikifunguka huko, picha ni nzima na tatizo liko kwenye programu ya kutazamia. Kwenye Windows 10 na 11, nenda "Settings", "Apps", tafuta Photos, fungua "Advanced options", bofya "Repair", ikishindikana, "Reset". Hazifuti picha zako.

Programu ya zamani ya Windows Photo Viewer ina ujumbe wake unaopotosha: inasema haiwezi kuonyesha picha kwa sababu kumbukumbu ya kompyuta haitoshi. Watu wameshanunua RAM kwa ajili ya ujumbe huo. Mara nyingi RAM haina kosa. Kinachogombana ni mpangilio wa rangi wa skrini. Fungua "Color Management" kwenye Control Panel, kichupo cha "Advanced", na kwenye "Device profile" uchague sRGB. Au fungua tu kwa IrfanView uendelee na kazi.

Picha za iPhone ndizo zinazoleta foleni kwangu. Tangu 2017, ilipotoka iOS 11, simu hizo huhifadhi picha kwa mtindo wa HEIC, unaobana nafasi vizuri lakini kompyuta nyingi haziufahamu. Windows 10 na 11 zinahitaji viongezi viwili kutoka Microsoft Store: cha HEIF, ambacho ni bure, na cha HEVC, ambacho kinauzwa kwa bei ndogo ya dola. Kwa asiye na kadi ya kulipia mtandaoni, weka GIMP, programu ya bure ya picha, inayofungua HEIC na kuitoa kama JPEG. Kuzuia tatizo lisirudi, mwenye simu aende "Settings", "Camera", "Formats", achague "Most Compatible". Hiyo inahusu picha atakazopiga kuanzia hapo. Zilizopita hubaki zilivyo.

Kamera kubwa nazo zina picha ghafi: .CR2 na .CR3 za Canon, .NEF za Nikon, .ARW za Sony. Hizi si mbovu. Ni unga ambao haujapikwa, na mpiga picha ndiye anayepaswa kukupikia. Mwombe JPEG. Kama hapatikani tena, programu za bure za darktable au RawTherapee zitafungua nyingi kati ya hizo.

Hatua ya sita: flashi iliyojaa shotikati

Nitaipitia haraka maana wengi wameshaizoea. Unafungua flashi, folda zote zimegeuka shotikati za KB 1 au 2, ukibofya hakuna kinachotokea, au kinatokea usichokiona. Usibofye. Picha zako hazijafutwa, virusi vimezificha. Fungua Command Prompt, lile dirisha jeusi la kuandikia amri, tazama flashi imepewa herufi gani, tuseme E, kisha andika:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

Bonyeza Enter, subiri. Folda zitajitokeza. Wakati mwingine vitu vyote vimesukumwa ndani ya folda moja isiyo na jina. Ifungue, nakili picha tu, ziache shotikati na faili zozote za .exe, .vbs au .lnk. Iskani kompyuta pia kwa kinga ya virusi, la sivyo flashi itaambukizwa tena dakika ile ile.

Hatua ya saba: kadi yenyewe imeharibika

Turudi kwa yule mama wa Tandahimba. Nilisukuma kijilimi cha adapta, nikafuta vibati, nikabadilisha kisomea kadi. Kompyuta iliiona kadi ila ikaendelea kudai ifomatiwe. Orodha ya majina ilikuwa imekufa.

Hapo natumia PhotoRec, programu ya kuokoa picha ya Christophe Grenier. Ni ya bure, inakuja pamoja na ndugu yake TestDisk, na kuna sura yake yenye madirisha iitwayo QPhotoRec kwa wasiopenda kuandika amri. Uzuri wake ni kwamba haiitazami orodha kabisa. Inapita kadi nzima toka mwanzo ikitafuta vile vichwa nilivyovieleza hatua ya nne. Ikikuta kichwa cha JPEG, inachukua kuanzia hapo hadi picha inapoishia, na kuihifadhi. Haiandiki kwenye kadi.

Unachagua kadi yako, na hapa soma ukubwa wake usije ukachagua diski ya kompyuta. Unachagua aina za faili. Acha JPG na ile ya kamera yako, ondoa tiki nyingine, utaokoa muda. Kisha unaionyesha mahali pa kuweka picha zilizopatikana. Mahali hapo pasiwe kadi ile ile. Kamwe. Uweke kwenye diski ya kompyuta. Kisha bofya "Search" na uache ifanye kazi.

Majina ya mwanzo hupotea. Utapata folda za recup_dir.1, recup_dir.2, zenye faili kama f0123456.jpg. Zipange kwa tarehe. Picha nyingi bado zimebeba saa ya kupigwa ndani yake.

Usitumie "chkdsk" kabla ya hapo. Najua imependekezwa kila mahali, na inasaidia diski kufanya kazi tena, lakini inasaidia kwa kuandika upya orodha, na ikikosea imekosea moja kwa moja. Kwanza toa picha, ndipo utengeneze kadi. Na kama kadi inapata moto mkononi, au diski inagonga ko-ko-ko, zima. Hiyo ni kazi ya wale mafundi wenye mitambo ya kufungua diski.

Picha iliyorudi nusu

Katika zilizorudi, kutakuwa na zile zenye nusu ya juu safi na nusu ya chini kijivu, au rangi zimehama zikawa waridi na kijani kutoka mstari fulani kwenda chini. JPEG ya kawaida, iliyosanifiwa mwaka 1992, huandikwa kutoka juu kushoto kwenda chini, na kila kipande hupimwa kwa kulinganishwa na kilichokitangulia. Mwenye kusuka ukili ataelewa: ukikosea msuko mmoja, yote inayofuata inakwenda upande. Kilicho juu ya kosa kiko salama.

Tovuti zinazodai kutengeneza picha za namna hii zipo nyingi. Sehemu ya kijivu data yake haipo, na hakuna anayeweza kuirudisha. Akijaza kitu, amekibuni. Mwambie mteja hivyo hivyo, kwa upole, hata kama anakuja na hela mkononi.

Kuna akiba moja imefichwa. Picha ya kamera au simu kwa kawaida hubeba ndani ya kichwa chake picha ndogo ya kuonea, mara nyingi yenye vitone 160 kwa 120, na hiyo hubaki nzima hata picha kubwa ikikatika. Pakua ExifTool, programu ya Phil Harvey ya kusoma yaliyomo kwenye kichwa cha picha, fungua Command Prompt ndani ya folda ya picha, uandike:

exiftool -b -ThumbnailImage picha.jpg > ndogo.jpg

Tumia Command Prompt na si PowerShell ya bluu, maana hiyo inaweza kuiharibu picha inapoihifadhi. Kwa picha ghafi za kamera, badala ya ThumbnailImage andika PreviewImage. Hapo unaweza kupata picha kubwa inayotosha hata kuchapa.

Kuanzia sasa

Umeme wa kukatika tunaujua. Kama kompyuta yako ni ya mezani, nunua UPS ndogo, betri ya kuishikilia kompyuta umeme ukikatika, kabla ya kununua printa mpya. Unapomaliza kunakili, bofya "Eject" usubiri ruhusa ndipo uchomoe. Fungua picha mbili tatu kwenye nakala, za mwanzo, za katikati na za mwisho, kabla hujaifuta kadi. Ukituma picha ya kuchapwa kwa WhatsApp, itume kama "Document", la sivyo itafika imepunguzwa. Na picha za sherehe ziwe sehemu mbili zisizo nyumba moja. Ndugu aliyeko Masasi au Lindi akae na flashi yako, wewe ukae na yake.

Kadi ya mama wa Tandahimba ilichukua muda mrefu kusomwa. Alikataa kuondoka. Alikaa kwenye kigoda mlangoni, akanunua mihogo ya kuchoma tukala wote. Zilipoanza kutoka, nilimgeuzia skrini naye akawa anataja majina: huyu shangazi yake, huyu somo wake, hawa wa ng'ambo. Nyingi zilikuwa nzima. Ya bibi ilikuwa moja tu, na ilirudi nusu: kuanzia kifuani kwenda chini, kijivu tupu.

Lakini uso ulikuwa juu ya ule mstari, na kilemba chake chekundu, na mkono alioupandisha akishangilia. Nilikata sehemu ya kijivu nikabakiza kilichokuwa kizima, nikaihifadhi kwa jina jipya, nikachapa mbili. Moja aliiweka kwenye bahasha. Nyingine aliifunga kwenye pindo la kanga, pale ilipokuwa kadi.